Tahadhari: Muuzaji anayepasha injini ya dizeli moto kabla mnunuzi hajafika
Ndugu wasomaji, nawatahadharisha juu ya muuzaji wa magari yaliyotumika ambaye huwalenga hasa watu waliozoea petroli na wanaotafuta gari la dizeli kwa mara ya kwanza, kama nilivyokuwa mimi.

Nilipofika kuliona gari, injini ilikuwa tayari inaunguruma. Nilipoizima na kuiwasha tena ilishika mara moja, na nilipouliza kuhusu moshi wa bluu uliokuwa ukitoka nikajibiwa kwamba dizeli ndivyo ilivyo. Nikalipa. Asubuhi iliyofuata, injini ikiwa imepoa kabisa, starta ilizunguka mpaka betri ikaisha nguvu, huku ekzosi ikitoa moshi mweupe unaonuka dizeli ambayo haijaungua. Fundi alipima mgandamizo, au kompresheni kama wanavyoiita wenyewe, akakuta silinda mbili kati ya nne hazifai kwa sababu ringi za pistoni, yaani pete zinazoziba nafasi kati ya pistoni na ukuta wa silinda, zimelika. Chini ya kiti tulikuta kopo tupu la dawa ya kupuliza ya kuwashia injini.

Injini ya petroli hugandamiza mchanganyiko wa hewa na mafuta kiasi cha mara 8 hadi 12, kisha plagi hutoa cheche, hivyo hata ikichakaa kidogo bado ina kitu cha kuiwasha. Injini ya dizeli haina cheche: hugandamiza hewa peke yake mara 14 hadi 22 hivi, mpaka joto lake lipite nyuzi 500 za Selsiasi, ndipo nozeli inapopuliza dizeli nayo ikajiwakia yenyewe. Ringi zikivujisha hewa, joto hilo halifikiwi injini ikiwa baridi, lakini kuta za silinda zikishapata moto ugonjwa hujificha, na hapo ndipo muuzaji huyu anapopatia riziki yake.

Kinachoniuma ni kwamba uongo wake ameuchanganya na ukweli. Ni kweli dizeli hugonga kwa sauti kubwa kuliko petroli, na ni kweli oili yake huwa nyeusi muda mfupi tu baada ya kubadilishwa. Moshi wa bluu, hata hivyo, ni oili inayoungua, na hakuna injini nzima, iwe ya petroli au ya dizeli, inayopaswa kuutoa.

Kwa hiyo, mwambieni mapema kwamba mtaiwasha wenyewe ikiwa baridi, na mkifika mguse kwanza kifuniko cha injini. Msikubali ipuliziwe dawa yoyote, kwa kuwa dawa hizo zikikutana na hita plagi (plagi zinazopasha joto silinda za dizeli kabla ya kuwasha) zenye moto zinaweza kulipuka ndani ya injini. Ikiwa inanguruma taratibu, fungueni kifuniko cha kujazia oili mkiweke kichwa chini juu ya tundu lake; changu kilirushwa pembeni, na moshi ukafuata kwa mapigo, dalili kwamba ringi zinavujisha. Nendeni pia na fundi mwenye kipimo cha kompresheni cha dizeli, maana injini nzima ya dizeli kwa kawaida hupita baa 20 (baa ni kipimo cha shinikizo), na kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya petroli hakihimili kiasi hicho.

Muuzaji huyo bado anatangaza magari. Akisisitiza kupanga yeye saa ya kukutana, au akisema gari limetoka safari sasa hivi, msitoe hata malipo ya awali.