Mafundi wa sauna wa Nyakato: kazi safi, saa hawana

Kwa wenye sauna nyumbani, kile chumba cha mbao cha kukaa kwenye joto kali utoe jasho, huku Mwanza (najua mko wachache ila mpo, Capri Point na Isamilo msijifiche) naandika hii maana kupata mtu wa kuihudumia ni shughuli pevu. Nyumba tunayokaa Bwiru tuliikuta nayo, ya umeme, hita ya kilowati 6 na mawe yake juu, ila sevisi sidhani kama iliwahi kuiona. Mbao nyeusi pale watu wanapokalia, harufu ya majasho ya zamani, alafu hita inajizima yenyewe kabla chumba hakijapata moto.

Fundi wa kwanza kuja, simtaji, aligusa tu ukuta akasema bosi hapa tunapiga vanishi zing'ae, na mawe yasikupe presha, tunaokota hapo mlimani. Nikamwambia asante ntakupigia. Vanishi ndani ya sauna hapana jamani, joto likifika nyuzi 80 au 90 inalainika, inatoa harufu ya kukaba kifua, na benchi lenyewe linakua la kuunguza makalio. Na haya mawe yetu ya granaiti, sawa pale Bismarck Rock tunapiga nayo picha, ila madini yake yanatanuka tofauti tofauti, ukiyapasha ukayamwagia maji kila siku yanapasuka na kurusha vipande. Mawe ya sauna ni yale meusi mazito, peridotiti na jamii yake.

Ndo jirani akanipa hawa wa Nyakato. Tulikubaliana saa 3 asubuhi, wakaingia saa 8 mchana, ukipiga simu "tuko njiani kaka", njia gani hiyo toka Nyakato hadi Bwiru sijui. Nilishapanga maneno ya kuwaambia. Sema walivyoanza kazi nikakaa kimya nikawa naangalia.

Kwanza wakakata umeme kwenye breka. Wakatoa mawe moja moja, chini kabisa kumejaa vumbi na changarawe za mawe yaliyokwisha, kumbe ndo zilikua zinaziba hewa, koili zinapata moto kupita kiasi, swichi ya usalama inakata. Yani tatizo lote lilikua pale. Mawe wakayaosha kwa maji tu bila sabuni, linalomeguka mkononi linatupwa, alafu yule kijana mdogo akaanza kuyapanga upya kama mama anayechambua mchele, makubwa chini madogo juu, yafunike koili lakini yasibanane. Akasema hii kazi inatakiwa walau mara moja kwa mwaka, na kama unawasha kila siku ifanyike mapema zaidi.

Mbao wakasugua kwa brashi na sabuni laini, jiki hawakuigusa, zilipokauka wakapitisha msasa mwepesi kufuata mkondo wa mbao na weusi mwingi ukatoka. Mabenchi wakapaka mafuta ya parafini, SIO mafuta ya taa tafadhali, ni yale meupe yasiyo na harufu, unapaka kidogo unafuta.

Kingine nilichowapendea, walifungua boksi la umeme bila kuambiwa. Hita ya kilowati 6 inavuta kama ampia 26 na aliyeifunga aliweka waya wa milimita mraba 2.5, ule wa soketi za kawaida! Wakagoma kuiwasha mpaka tubadilishe, tukaweka wa 6. Sasa inafika nyuzi 80 bila kujizima. Luku nayo inakimbia, ikiwa inavuta mfululizo ni yuniti 6 kwa saa, hilo sio kosa lao.

Malalamiko yangu ni bei. Ya ufundi wanakutajia mapema, ya mawe mapya unaisikia hita ikiwa imeshafumuliwa iko sakafuni, hapo utabishana na nani? Na stoo hawana, wanaagiza Dar, unasubiri. Wakija kwako ulizeni mawe kwanza kabla hawajagusa kitu.

Mengine wanakufundisha bure, kalia taulo, mkimaliza acha hita iwake kama robo saa hivi alafu zima na uache mlango wazi pakauke, hasa masika maana ukungu wa kuota kwenye mbao huku kando ya ziwa hauna adabu. Na maji ya kumwagia mawe yawe ya bomba, ya kisima chenye chumvi yanakula koili.