Mbwa anayerukia wageni: umgeuzie mgongo au umfundishe kukaa?

Kumpiga goti tuliweke kando; mbwa wengi huona ni mchezo. Zinabaki njia mbili.

Kumgeuzia mgongo hakuna gharama. Usimtazame, usimguse, usimsemeshe mpaka miguu yote minne iwe chini, maana anachotafuta ni kujaliwa. Tatizo, mwanzoni huzidi kuruka kabla ya kuacha, na mtu mmoja tu akimchekea, kazi imeharibika. Halafu jaribu kumwambia shangazi aliyefika mjini Bombo, Uganda, na gomesi (gauni refu) ya Idi asimame kimya huku makucha yenye tope jekundu yakimpanda kiunoni!

Kumfundisha kukaa kunakula muda zaidi. Sema "kaa", makalio yakigusa chini mpe mukene (dagaa) mkavu papo hapo. Akishaelewa, hamia getini, kamba mkononi: mgeni anasogea mbwa akiwa ameketi, akiinuka mgeni anarudi nyuma. Hapa mbwa anapewa la kufanya, hakatazwi tu, na akiwa ameketi hawezi kuruka.

Kwa nyumba yenye wageni kila siku, nachagua kukaa. Mgongo tuuache kwa watu wa nyumbani, wenye nguo za kufulia.