Kulala Kando ya Kinamasi cha Saiwa

Wanaokwenda kumwona nzohe, swala aishiye kwenye vinamasi, katika Hifadhi ya Taifa ya Saiwa nchini Kenya wamezoea kulala Kitale mjini na kuondoka kabla ya mapambazuko, kwa kuwa mnyama huyo huonekana zaidi asubuhi na mapema au jioni jua linapokaribia kutua. Nyumba ya wageni iliyojengwa na mume na mke katika shamba lao karibu na Kipsaina inawaondolea adha hiyo, kwa sababu mgeni hutembea kwa miguu tu hadi kwenye lango la hifadhi. Ninaipendekeza bila kusita, na sababu yangu kubwa ni jinsi wenyeji hawa wanavyoyashughulikia maji machafu, jambo ambalo nyumba nyingi zinazojitangaza kuwa rafiki wa mazingira hazilitaji kabisa.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, inafaa kuitazama Saiwa yenyewe. Ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote nchini Kenya, takriban kilometa 3 za mraba, na ilitengwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya kumlinda nzohe. Swala huyu ana kwato ndefu zinazotanuka ili asizame katika tope, na anaposhtuka hujitosa majini akabakiza pua tu juu. Makao yake ni ukanda mwembamba wa matete na msitu uliozungukwa na mashamba ya mahindi, kwa hiyo chochote kinachomwagwa kwenye miteremko, kiwe mbolea, dawa ya wadudu au maji ya choo, hatimaye huteremka hadi kwake. Hakiishii hapo. Maji ya Saiwa huingia Mto Nzoia, nao Nzoia humwaga katika Ziwa Viktoria, ambalo sisi wa Kisumu tunalitegemea kwa maji na kwa samaki.

Wenye nyumba wanaijua njia hiyo ya maji vizuri. Mume alikuwa fundi wa mabomba na mke alifundisha somo la kilimo, na ujuzi wa wote wawili unaonekana kila mahali. Hawakuchimba choo cha shimo, kwa sababu maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa nchi, wala hawakuweka choo cha kuvuta maji. Walijenga vyoo vya mboji vilivyoinuliwa juu ya ardhi, ambamo kinyesi na mkojo hutenganishwa, na mgeni hufunika kwa kopo la majivu na unga wa mbao badala ya kuvuta maji. Niliingia nikitarajia harufu, sikuipata. Pipa likijaa huachwa mwaka mzima na zaidi ili vijidudu vife, kisha mboji hutiwa kwenye miti, kamwe si kwenye mboga. Nilipomuuliza mama mwenye nyumba kwa nini wanaiacha muda mrefu hivyo, alinijibu, “Mwanangu, minyoo hufa polepole, na mimi sina haraka.” Maji ya kuogea nayo hupitishwa katika mtaro wa kokoto uliopandwa matete, yakachujika kabla ya kufika kwenye migomba.

Jikoni wanapikia gesi inayotokana na samadi ya ng’ombe wao wa maziwa. Samadi huchanganywa na maji, ikaoza ndani ya tangi lisiloingiza hewa, na tope linalobaki hurudishwa shambani kama mbolea. Taa ni za sola. Mikaratusi iliyokuwa karibu na chemchemi wameikata, kwa kuwa miti hiyo hunywa maji mengi, na mahali pake wamepanda miti ya asili ambayo bado ni michanga. Maji ya kunywa huwekwa katika chupa za glasi, na hilo linafaa kwa anayeelekea hifadhini, ambako plastiki za kutumiwa mara moja zimepigwa marufuku tangu tarehe 5 Juni 2020.

Chakula ni cha nyumbani: ugali, mboga za managu, kuku wa kienyeji, na mursik, yaani maziwa ya mgando ya Wakalenjin, kwa anayeipenda. Kinatosha.

Kasoro zipo, na mgeni anastahili kuzijua. Siku ya mawingu maji ya kuoga huwa vuguvugu tu, na kwa sehemu iliyo zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, asubuhi huwa ya baridi kali. Blanketi moja halitoshi. Ombeni la pili kabla giza halijaingia. Barabara kutoka kwenye lami huwa ya utelezi wakati wa mvua za masika, na gari dogo linaweza kukwama. Ngazi za vyoo ni za mwinuko mkali kwa wazee. Niliwaeleza wenyeji, nao walikubali kwamba panahitaji vishikio. Natumaini wataviweka upesi, maana wazazi wetu nao wanastahili kuiona Saiwa.

Kiingilio cha hifadhi hulipwa mbali na malazi, kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na ni vyema kukilipa mapema mahali penye mtandao mzuri. Ndani hakuna kuendesha gari. Mnatembea juu ya njia za mbao na kupanda majukwaa ya kutazamia wanyama. Mwombeni mzee mwenye nyumba awasindikize iwapo ana nafasi, kwani anajua miti ambayo kima wa De Brazza, wale wenye ndevu nyeupe, hupenda kukaa asubuhi. Viatu viwe vya kufunga, na sauti ziwe za chini, kwa sababu nzohe akisikia kelele hujificha ndani ya matete na hatoki tena.