Kliniki ya mbwa na paka katikati ya mji Moshi: nilisaini barua ya kuikataa, leo nawapa nyota nne

Naanza na kukiri kabisa ili mtu asije kusema nimehongwa. Hii kliniki iko ukuta kwa ukuta na fremu yangu ya cherehani hapa Moshi mjini, mtaa wa maduka, sio mbali na Soko Kuu, na walivyokuja kufungua mi nilikuwa mtu wa tatu kusaini barua ya kwenda kwa mtendaji wa kata kwamba hatuwataki. Wa kwanza mama wa mgahawa, wa pili kijana wa simu, wa tatu mimi na kalamu niliazima. Jina la kliniki silitaji maana sijalipwa tangazo, ila ukimuuliza bodaboda yeyote "kwa daktari wa paka" anakufikisha.

Tulikataa kwa sababu gani? Jamani Moshi tunajisifia usafi, huu mji ukitupa karatasi chini kuna mtu anakushika bega, sasa unaambiwa mbwa wataletwa katikati ya maduka ya vitenge na chipsi. Kichwani mi nilikuwa naona josho. Nimekulia Kibosho, daktari wa mifugo niliyemjua ni yule wa gambuti anayekuja kumtoa ndama aliyekwama usiku, kwa hiyo niliposikia kliniki ya wanyama nikaona mavi, inzi na harufu ya dawa ya kupe kwenye magauni ya watu. Mama wa mgahawa alisema hatauza chapati zenye manyoya.

Ila niseme ukweli, kabla ya daktari fremu ile alikuwepo jamaa anauza spika. Miaka miwili mfululizo, kuanzia saa mbili asubuhi, muziki ule ule, ukuta wangu unatetemeka mpaka sindano ya cherehani inaruka mshono. Hakuna aliyemwandikia barua.

Kikao kilifanyika kwenye baraza letu, viti vya plastiki vya mgahawa, mwenye jengo kaja na nakala ya hati, mtendaji yupo, na afisa mipango miji katoka manispaa. Mi nilidhani tutapiga kelele nusu saa yaishe, kumbe swali lenyewe lilikuwa moja tu na hatukuwa tumelifikiria: je kutibu paka ni biashara ama ni ufugaji? Maana hati imeandika matumizi ya kiwanja ni biashara, na kwa ile Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 huwezi kuamka tu ukageuza matumizi kama unavyogeuza godoro, inabidi uombe kibali. Yule afisa akasema kwa lugha nyepesi, mnyama akija akatibiwa akaondoka hiyo ni huduma kama duka la dawa, ila siku mkikuta mabanda nyuma na watoto wa mbwa wanauzwa hapo niiteni, hicho ni kitu kingine. Daktari naye akatoa cheti chake cha Baraza la Veterinari, lile lililoundwa kwa sheria ya 2003, akasema hata mtu wa kuchoma sindano hapa ndani atakuwa amesajiliwa. Kijana wa simu akauliza na mbuzi je? Dokta akacheka, akasema mbuzi, nguruwe na ng'ombe atawafuata hukohuko Uru na Kibosho na pikipiki yake, hapa ni wadogo tu, mbwa aje na kamba, paka aje kwenye tenga.

Baadaye nikamsimulia shemeji yangu aliyeko Ohio, Marekani, akaniambia huko kuna miji imeandika kabisa kwenye kanuni zake: kliniki ya wanyama wadogo ruksa eneo la biashara, ila wanyama wakae ndani ya jengo, kelele zisitoke, mabanda ya nje hakuna, na wanaotibu ng'ombe na farasi waende huko mashambani. Nikamwambia shemeji hayo sisi tumeyamaliza kwa viti vya plastiki na chai ya rangi.

Haya sasa huduma yenyewe.

Mi nina paka anaitwa Bobini. Sio wa mapambo, nimemweka dukani kwa ajili ya panya maana panya wa hapa sokoni wakiingia kwenye robota la kitenge unalia. Mwaka jana mwezi wa tano Bobini akaacha kula. Siku ya kwanza nikasema labda kala mjusi. Siku ya pili anatapika povu, udenda unatoka, kajikunja chini ya meza ya kukatia, ukimgusa tumbo anakuangalia vibaya. Nikambeba ndani ya kapu la mabaki ya vitambaa, hatua kama kumi na tano hivi mpaka mlango wa pili, naona na aibu maana saini yangu ipo kwenye ile barua na dokta anajua.

Hakusema kitu. Akamweka mezani, dada msaidizi akamshika mabega, dokta akamfungua mdomo na kidole gumba akakisukuma kutokea chini ya kidevu ili ulimi unyanyuke, akawasha tochi. Akaniita, "Mama, njoo uone." Chini ya ulimi kumezunguka uzi mwekundu, umekata nyama kidogo, na ncha mbili zimeingia kooni. Uzi wangu! Ule wa sare za harusi niliyoshona wiki ile. Mi mkono ukaenda wenyewe, fundi akiona uzi anavuta si ndio, dokta akanidaka mkono hewani: "Usivute!"

Akanieleza na nilielewa haraka kuliko mtu yeyote maana ni kazi yangu. Ukitaka marinda unapitisha uzi kwenye kitambaa unashikilia upande mmoja unavuta, kitambaa kinajikusanya. Basi ndani ya paka ni hivohivo, uzi umeshikwa kwenye ulimi, huku mwisho unasukumwa mbele na utumbo, utumbo unajikusanya kwenye uzi kama rinda la gauni la ubatizo, na ukivuta uzi unakuwa msumeno, unakata utumbo kutokea ndani. Nilikaa chini. Nilikumbuka paka wa dada yangu pale Pasua miaka ile, alionekana na uzi mdomoni, wakauvuta wakashangilia umetoka, kesho yake kafa, wakasema alilishwa sumu na jirani.

Alikata ule uzi pale kwenye ulimi kwanza ili uachie, akamtundikia maji, mchana akamfanyia upasuaji. Alimfungua sehemu mbili, tumboni na kwenye utumbo, jioni akanionyesha uzi kwenye kibakuli, nikaupima na futi yangu: sentimita 74. Bobini alilala kliniki siku tatu, hiyo inaruhusiwa maana ni mgonjwa, na ile kola ya plastiki shingoni anaonekana kama ile spika ya jamaa aliyehama. Nyuzi zilitolewa siku ya kumi na mbili. Nililipa laki moja na themanini kwa awamu mbili, risiti ya mashine nikapewa bila kuiomba. Ni hela nyingi kwa paka asiye na cheo, mama mkwe wangu mpaka leo ananiuliza kama akili ninazo. Lakini piga hesabu ya robota moja la kitenge lililotobolewa na panya afu tuongee.

Sasa fikiria kliniki ingekuwa nje ya mji kama tulivyotaka kwenye barua, tukodi bajaji, tufunge duka, tusubiri. Mi najijua, ningevuta ule uzi.

Usafi, kwa sababu ndio tuliogopa. Kila asubuhi kabla sijafungua nasikia ndoo. Kuna siku niliingia kumsalimia dada msaidizi nikakuta chumba kimoja kimefungwa, chini ya mlango kuna dekio limelowa jiki, akaniambia tumepokea mtoto wa mbwa ana parvo, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa, anaharisha damu, na virusi vyake sio vya kufa kwa sabuni ya unga, vinaweza kukaa sakafuni miezi vinasubiri mbwa mwingine. Kwa hiyo wa parvo anapitia mlango wa nyuma, viatu vinakanyaga jiki, na anayemhudumia hagusi wengine. Sindano zinaingia kwenye boksi gumu, zinabebwa kwenda kuchomwa kwenye tanuru, hazikai kwenye pipa letu la pamoja. Mi nimeshafungua lile pipa mara kadhaa kupeleleza, kilichonuka ni vitunguu vya mgahawa.

Kelele? Mbwa akiingia anabweka dakika mbili tatu, akipanda mezani anakuwa mpole kama kondoo. Sindano yangu hairuki mshono.

Na kitu kimoja kilichomgeuza mama wa mgahawa sio mimi. Binti wake wa kuosha vyombo aliumwa mkononi na mbwa wa mtaani pale uchochoroni. Wote tunapiga kelele, mmoja anasema pilipili, mwingine mafuta ya taa, dokta akatoka mbio na sabuni ya mche, akamshika binti mkono chini ya bomba, maji yanatiririka, anaangalia saa, dakika 15 kamili, binti analia tumbo linauma kwa woga. Afu akamwambia mama, dada yangu usifunge kidonda, mpeleke hospitali ya Mawenzi sasa hivi akaanze sindano, leo sio kesho, kichaa cha mbwa dalili zikishaanza hapo hamna tena dawa. Yule mama siku hizi ndiye anayetangaza chanjo kuliko kliniki wenyewe: mbwa akifikisha miezi mitatu achanjwe, na kila mwaka arudie, kadi itunzwe. Nyumbani kwake wapo watatu, wote wana kadi, ameziweka droo moja na vyeti vya ubatizo vya watoto.

Nyota moja nimeibana, na sababu ninazo.

Jumamosi. Foleni inatoka nje inajaa baraza letu sote. Mbwa mmoja mkubwa kama ndama, katoka huko Shanty Town, mtaa wa wenye hela, na gari lenye vioo vyeusi, alinyanyua mguu akaukojolea mdoli wangu niliouvisha gauni la send-off. La mteja! Limeshalipiwa! Mwenye mbwa akajifanya anaongea na simu. Dokta alilipa dobi kwa hela yake na mi nikapiga magoti usiku mzima kurudia pindo, lakini nilimwambia na narudia hapa, sharti la kamba liendane na sharti la mahali pa kusubiria. Ameweka benchi na kibao baada ya hapo, benchi linatosha watu wanne, Jumamosi wanakuja ishirini.

Halafu bei hazijabandikwa. Unauliza unaambiwa, hajawahi kunidanganya, ila mtu mgeni anaogopa kuuliza anaondoka. Eksirei hawana. Jumapili wamefunga, na usiku simu inapokelewa ukiwa na bahati, maana dokta akiwa amepanda Uru kwa ng'ombe anayezaa ndio basi tena.

Na Desemba msithubutu bila kupiga simu kwanza. Wachaga wakishapanda nyumbani kwa sikukuu, mji hauna pa kuegesha hata baiskeli, na siku hizi wanakuja na vile vijimbwa vya Dar vya manyoya vinavyolala ndani, vikifika kihambani, yaani shamba la nyumbani, siku mbili vimejaa kupe, na vilivyotangulia kuja vinakojoa rangi ya kahawa kwa homa ya kupe, vyote vinashushwa hapa mlangoni kwetu tarehe 27. Mwaka jana nilihesabu magari saba yamepanga mstari, mteja wangu wa sare alishindwa kupita na mtungi wake wa gesi, akaenda kwa fundi mwingine.

Ukitaka kuhudumiwa kwa raha nenda Jumatano asubuhi. Paka mweke kwenye tenga lenye mfuniko, usimkumbatie, kengele ya muuza ice cream ikilia hapo nje utamtafuta juu ya bati. Kama unakuja na mbwa mkubwa mfungie kwenye ile nguzo upande wa duka la simu. Upande wangu hapana, kuna midoli.

Bobini yupo, ananenepa, anakamata panya kwa ratiba yake. Nyuzi zangu zote sasa zinalala kwenye kopo la maziwa ya unga lenye kifuniko, na juu ya kopo nimeweka pasi ya mkaa.