Old School RuneScape: Mchezo wa Zamani Unaokua kwa Kura

Mwaka 2013, kampuni ya Jagex ya Cambridge, Uingereza, ilifufua toleo la zamani la mchezo wake wa mtandaoni wa RuneScape, kwa jina Old School RuneScape, kutoka kwenye nakala iliyohifadhiwa Agosti 2007, baada ya wachezaji wengi kudai warudishiwe ulimwengu waliouzoea. Hata leo mchezaji mpya, akishamaliza kisiwa cha mafunzo, huanzia mji wa Lumbridge, penye kasri, kuku wa kuchinja ng'ambo ya mto, na miti inayokatwa kwa shoka polepole, gogo moja baada ya jingine.

Kinachonivutia zaidi ni namna mapya yanavyoingizwa. Nyongeza kubwa hupigiwa kura na wachezaji wenyewe, na kwa miaka mingi zilihitaji asilimia 75 ya kura za ndiyo, kiwango kilichoshushwa hadi 70 mwaka 2022. Ndiyo maana Warding, stadi mpya iliyopendekezwa, ilikwama mwaka 2019 ingawa wengi waliiunga mkono. Varlamore, nchi ya mchezoni iliyofunguliwa Machi 2024, imenifurahisha mno, kwa kuwa rangi, muziki na ucheshi wa wahusika wake vimeshonwa kwa uzi uleule wa zamani, hata naona kana kwamba ilikuwapo siku zote.

Hata hivyo, kura humsikiliza zaidi mkongwe kuliko mgeni. Kufikisha stadi moja ngazi ya 99 huhitaji zaidi ya pointi za uzoefu milioni 13, mzigo mzito kwa mtu asiye na kumbukumbu za kumsukuma. Kwake ningeshauri aanze bila malipo, kwenye simu, kabla ya kulipia uanachama.