Mkimbizi na Jina la Kuazima: By the Sea ya Abdulrazak Gurnah

Wasomaji wengi wa Unguja walianza kumsoma Gurnah baada ya Nobel ya 2021, na mlango wao ulikuwa Peponi, riwaya yake Paradise iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Mpenzi wa riwaya za upelelezi namshauri aingilie kwengine, kwenye hii By the Sea ya mwaka 2001. Bastola hamna wala hapana anayefukuzwa na gari. Kuna mzee aliyejificha ndani ya jina la mtu mwengine, na kila swali analoulizwa linaweza kumvua.

Saleh Omar, miaka 65, anashuka Gatwick na pasi ya Rajab Shaaban Mahmud. Aliyemkatia tiketi kamnasihi ajifanye hajui Kiingereza, naye anakaa kimya mbele ya ofisa wa uhamiaji, Kevin Edelman. Ofisa anapekua mkoba, anakuta kikasha chenye udil-qamari, udi wa kufukiza, anaunusa, kisha anauchukua. Muda wote huo anaongea: anashuku, ananasihi, anamwambia mzee umri wake si wa ukimbizi. Sisi tunajua kila neno linaingia, yeye hajui. Anayetaka kuandika habari za kijasusi aisome sura hii mara mbili, maana roho inakuwa juu kwa sababu moja tu: nani anajua nini.

Kujificha hakuishii kwa Saleh. Latif, kijana wa kwao, anakwenda Ujerumani Mashariki kusomea udaktari wa meno, anakuta rafiki yake wa barua, Elleke, ni mwanamme anayeitwa Jan. Miaka mingi baadaye Latif ni mwalimu wa chuo kikuu London, na Rachel Howard, anayeshughulikia kesi ya mzee, anapotafuta mkalimani anamwangukia yeye. Latif ndiye mtoto wa Rajab Shaaban wa kweli. Sadfa hiyo nzito, sikatai. Lakini Wazanzibari wa ughaibuni wanajuana, kwa hiyo naimeza.

Pahala wengi wanapopotea ni kwenye deni. Shikeni hivi: Rajab Shaaban anaweka nyumba rehani kwa Hussein, mfanyabiashara aliyekuja na msimu kutoka Bahrain. Hussein naye anakopa kwa Saleh Omar, dhamana yake ni rehani ileile. Hussein anaondoka, harudi. Saleh anadai haki yake, na haki yake ni nyumba ya watu pamoja na vilivyomo. Chukua karatasi, andika nani anamdai nani na hati iko mkononi mwa nani, la sivyo sehemu ya tatu itakuchosha, kwa sababu yote ni mazungumzo ya watu wawili wanaosahihishana. Na usimwamini msemaji wa kwanza. Latif anakumbuka alivyotumwa na mama yake, mtoto mdogo, kwenda kuomba kimeza cha mpingo kirudishwe. Saleh, muuza fanicha, anakumbuka mali aliyoipata kwa sheria. Kimeza ni kilekile.

Wanaume hawa wanarudia rudia msemo wa Bartleby, karani katika hadithi ya Melville anayekataa kila kazi kwa adabu: “I would prefer not to”, yaani ningependelea nisifanye. Hadithi yenyewe fupi, itangulizeni.

Kasoro kubwa ninayoiona ni kwa wanawake. Asha, mama yake Latif, ndiye mwenye siri nzito kuliko wote, mapenzi yake na waziri yanabadilisha maisha ya nyumba nzima, lakini habari zake tunazisikia kwa vinywa vya wanaume. Salha, mke wa Saleh, anakufa mumewe akiwa kifungoni, naye hapewi hata sura moja. Anayetafuta mwanamke mkimbizi anayeendesha mchezo mwenyewe hatompata humu.

Kiingereza chake kina sentensi ndefu, zinazojipinda. Aliyezoea Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, atasubiri ufumbuzi kwenye kurasa za mwisho. Humu unatoka kidogo kidogo, na baadhi yake unabaki kwa Hussein, ambaye hakurudi kuulizwa.