Mafuta ya nazi ya dada wakili wa Ngamiani, Tanga: nimeyatumia, nasema ukweli wangu

Jamani wenye nywele kavu, wenye watoto wachanga na nyie mnaopenda samaki wa kukaanga anukie pwani, leo nawaletea mafuta ya nazi ya dada mmoja wa pale Ngamiani, Tanga. Jina simtaji maana sijamuomba ruhusa. Ni wakili kweli, kasoma sheria Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kapita Law School, kavaa joho kasimama mbele ya majaji, halafu akaaga ofisi akarudi kwenye kazi ya bibi yake wa Pangani ambaye miaka yote alikuwa anapika mafuta na kuyauza kwenye chupa za soda. Ada ya sekondari ya huyu dada ilitoka kwenye hizo chupa, anakwambia mwenyewe kwa fahari, na ukimsikia anavyomtaja bibi yake unaelewa kwa nini hakurudi ofisini.

Nusu lita ni sh 12,000. Bei imesimama, sikatai, dukani unapata chupa ya ukubwa huo kwa hela ndogo zaidi. Ila mengi ya hayo ya bei ya chini ukiyanusa hayana harufu yoyote ya nazi, ukipaka nywele zinanata tu mpaka jioni. Haya ukifungua kifuniko unajua kabisa nazi imekunwa. Wanapika kizamani, nazi inakunwa, inakamuliwa tui, tui linaachwa usiku mpaka lile zito lipande juu, kisha zito linabandikwa kwenye moto mdogo linakorogwa taratibu mpaka maji yakauke na mafuta yajitenge, ndo yanachujwa. Kazi yote iko hapo kwenye moto, ukiepua mapema maji yanabaki na mafuta yanachacha baada ya muda mfupi, ukichelewa yanaungua yanakuwa na rangi ya chai.

Na bibi mwenyewe yupo, Mungu azidi kumpa umri. Nilivyopita dukani nilimkuta kakaa mlangoni kajitanda kanga yake, nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba mwanangu karibu, tukawa tunaongea habari za kwetu Arusha na baridi yake. Mara kijana wa jikoni akaleta dumu limetoka kuchujwa sasa hivi. Bibi akamimina tone kiganjani, akasugua viganja, akanusa, akanusa tena, akasema "Haya yana maji bado, yarudisheni." Basi. Wateja tulikuwa tumesimama pale na hela mkononi, lakini mjukuu wake hakubisha hata neno, akasema sawa bibi, dumu likarudi jikoni na sisi tukaambiwa tusubiri yatakayotoka jioni. Mimi nilisubiri, na toka siku hiyo sinunui mafuta ya nazi kwa mtu mwingine.

Sasa huku kwenye karatasi ndo unamuona wakili. Lebo ina tarehe yaliyopikwa na sio ile ya kuisha tu, ina sehemu nazi zilikotoka, na alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, ipo. Watu wanadharau hii alama ila kwa mjasiriamali mdogo kuipata ni shughuli, na tangu 2019 vyakula na vipodozi vilipotolewa kwa ile TFDA ya zamani, mamlaka ya chakula na dawa, vikapelekwa TBS wapo waliokata tamaa wakaendelea kuuza kimya kimya. Yeye aliingia mafunzo SIDO, shirika la viwanda vidogo, akafuata hatua moja moja mpaka mwisho. Risiti unapewa bila kuomba. Na nilichokipenda kuliko vyote, hajaandika popote kwamba mafuta yanatibu kitu. Kuna dada alimuuliza mbele yangu kama yanaotesha nywele, akajibiwa "Yanalainisha, yanasaidia zisikatike ovyo, kuotesha sikuahidi, siandiki kitu nisichoweza kukitetea." Kwa soko hili lilivyojaa mafuta ya miujiza, aisee nilitamani kumpigia makofi.

Masharti ya kurudisha bidhaa ni karatasi moja, Kiswahili cha kawaida, herufi kubwa za kusomeka. Chupa yangu moja iliwahi kuvuja kwenye basi, nikatuma picha, jioni ile ile nikapata meseji kwamba nyingine inapanda gari la kesho. Hamna cha lete ushahidi, hamna njoo wiki ijayo.

Kero zipo pia. Meseji za mchana hajibu, mpaka jioni akitoka jikoni, kwa hiyo ukiwa na haraka piga. Ramadhani mafuta yanaadimika kabisa maana nazi zinapanda bei pwani nzima, kila nyumba inataka tui la futari, na yeye badala ya kupandisha bei anafunga oda. Namheshimu kwa hilo ila mteja unabaki mikono mitupu, natamani angepika ya akiba mapema. Dumu la lita 5 pia hana, na sisi tunaopikia familia kubwa tunalihitaji sana.

Kwa mlio sehemu za baridi kama huku Arusha, Lushoto, Njombe, Makete, msishtuke mkiyakuta yameganda meupe. Mafuta halisi ya nazi joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuganda, jirani yangu alidhani kachanganyiwa samli akataka kuyamwaga. Weka chupa kwenye beseni la maji ya moto yatayeyuka yenyewe, usiyaweke jikoni juu ya moto. Na ukiagiza mwambie akuwekee kwenye kopo la mdomo mpana, bei ni ile ile, Julai utachota na kijiko bila kuhangaika na chupa.